Tumbo Lilitangulia Kichwa

Kazi yangu ni kutoboa watu vidole. Niko kwenye maabara ya zahanati moja hapa Malindi, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, na tangu asubuhi hadi adhuhuri ni sukari, malaria, taifodi, mkojo, basi. Wenye sukari ndio wengi. Na wengi wao wana lalamiko la pili ambalo daktari hakuliandika kwenye karatasi: usiku nyayo zinawaka moto, au zimekufa ganzi kabisa, mtu anakanyaga mwiba na hana habari mpaka aone damu sakafuni.

Bi mkubwa mmoja, mgonjwa wetu wa kila mwezi, hatui kikapu chake cha ukili hata akitobolewa. Siku moja nikimfuta kidole kwa spiriti akaniuliza: "Mwanangu, sukari na mishipa ya fahamu vimejuania wapi?"

Nilimpa jibu la zahanati. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha, na neva ndefu ndizo huumia kwanza, ndiyo maana mambo huanzia miguuni. Akaridhika, akaenda zake. Mimi ndiye sikuridhika. Hilo ni jibu la ugonjwa na ni sahihi, lakini kongosho, kiungo kinachotawala sukari mwilini, na neva vina undugu mkongwe kuliko ugonjwa wowote, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma juu yake usiku, simu mkononi, mpaka mume wangu analalamika na ule mwanga.

Chukua seli ya kongosho inayotengeneza insulini. Sukari ikipanda kwenye damu, seli hiyo huichoma kupata nguvu, chaji ya umeme kwenye utando wake inabadilika, milango ya kalsiamu inafunguka, kalsiamu inaingia, na vifuko vilivyojaa insulini vinasogea ukingoni na kumwaga mzigo wao nje. Sasa soma tena kuanzia kwenye umeme, na mahali pa insulini tia kemikali ya neva, glutameti kwa mfano: umeeleza niuroni, yaani seli ya neva, ikimpasha jirani yake habari. Hata jeni zinazoielekeza seli hiyo iwe hivyo, nyingi ni zile zile zinazofanya kazi kwenye niuroni. Na kwa nzi wa matunda, Drosophila, kuna seli zinazotoa homoni za jamii ya insulini ambazo makao yake ni ubongo wenyewe.

Naweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana ajue pa kuanzia. Neva hazikuanza kwa ajili ya kufikiri. Zilianza kwa ajili ya kula. Tumbo lilitangulia, kichwa kikafuata baadaye sana, na hadi leo kichwa kinaishi kwa urithi wa tumbo.

(Najua wako watakaonijia na habari za Adamu na Hawa. Hayo nawaachia mashekhe, na ilimu yao naiheshimu. Hapa tunaongea habari za sifongo.)

Tuanze na umeme, maana watu hudhani umeme wa mwili ni mali ya neva. Sivyo. Paramecium, kijidudu utakachokiona ukiweka tone la maji ya dimbwi chini ya hadubini, mwili wake wote ni seli moja, kwa hiyo neva ingekaa wapi? Lakini kikigonga kizuizi, milango ya kalsiamu kwenye utando wake inafunguka, umeme unapita, silia, vile vinywele vyake vya kuogelea, zinageuza mapigo yake, nacho kinarudi kinyumenyume. Kifauongo, ule mmea wa kando ya njia ambao watoto huugusa ujikunje, nao hupitisha ishara ya umeme kwenye majani yake. Umeme wa neva wenyewe ulieleweka kwa msaada wa ngisi. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walitumia uzi mmoja wa neva ya ngisi ambao unene wake unaweza kukaribia milimita moja, unaonekana kwa macho matupu, na mwaka 1952 wakachapisha hesabu kamili: sodiamu inaingia, kisha potasiamu inatoka, na badiliko hilo linasafiri kwenye uzi. Sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi ya bahari. Mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel. Sisi ngisi tunamkata pete tukamkaanga, na kwa bei ya sokoni sasa hivi hata hilo ni la wageni.

Kwa hiyo umeme ulikuwapo kabla ya neva. Vifuko vya kumwagia kemikali pia vilikuwapo. Kuna viumbe vya seli moja viitwavyo koanoflajelati, ambavyo katika viumbe vyote visivyo wanyama ndivyo jamaa zetu wa karibu kabisa. Vina protini za kufungua vifuko, vina milango ya sodiamu ya jamii ile iliyo kwenye neva zetu, na kazi yao maishani ni kuchapa mkia mmoja uliozungukwa na kola ya vinywele, maji yapite, bakteria wanase, waliwe. Vifaa vyote hivyo ndani ya seli moja. Ambacho hakikuwapo ni seli iliyoachiwa kazi ya kupeleka habari, nyingine ya kukamata chakula, nyingine ya kujibana. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaoutafuta.

Na hapo lazima niseme kidogo jinsi seli zinavyotambuliwa. Karibu kila seli ya mwili wako ina jeni zile zile. Seli ya ini na niuroni zinatofautiana kwa jeni zilizowashwa na zilizozimwa. Mimi kazini natambua chembe nyeupe za damu kwa sura: hii limfosaiti, hii nutrofili, kiini chake kimegawika vipande. Ni njia nzuri, lakini sura hudanganya, hasa ukienda kwa wanyama ambao hatufanani nao. Siku hizi watafiti humtenganisha mnyama mzima seli moja moja, wakasoma RNA ya kila moja, yaani nakala za jeni zilizowashwa, wakajua jeni zipi ziko kazini humo. Njia hiyo ndiyo iliyomtoa sifongo katika kundi la wanyama wasio na la kusimuliwa.

Sifongo utawaona bamvua likipwa, weusi, wekundu, wa manjano, wamejigandisha mwambani. Kaka yangu, anayepeleka watalii kwa mashua ya kioo kwenye hifadhi ya bahari hapa (ya tangu mwaka 1968, hupenda kuwakumbusha), anasema karibu kila mgeni huuliza ni mmea gani ule. Ni mnyama. Hana neva, hana misuli, hana mdomo. Ndani yake kuna vyumba vidogo vidogo vilivyozungukwa na seli zenye kola, sura moja na koanoflajelati niliowataja. Akiingiwa na uchafu, mwili mzima hujibana taratibu na kuutoa, na watafiti wameliita tendo hilo kupiga chafya. Kwa baadhi yao chafya moja inaweza kuchukua nusu saa.

Mwaka 2021 kundi la Detlev Arendt, huko Heidelberg, Ujerumani, lilichapisha orodha ya seli za sifongo wa maji baridi, Spongilla lacustris. Aina 18. Mojawapo ni seli zenye mikono mirefu zinazokaa ndani ya vile vyumba na kugusa seli zenye kola. Zimejaa vifuko, na zimewasha jeni ambazo kwa wanyama wenye neva hutumika upande wa mtuma habari. Seli zenye kola nazo zimewasha baadhi ya jeni za upande wa mpokeaji. Sinapsi baina yao, yaani yale maungio ambapo niuroni hupashana habari, hakuna, wala hakuna atakayekuambia hizo ni neva. Lakini angalia zilipokaa! Mwili mzima wa sifongo ulikuwa mbele yao, nazo zimepiga kambi pale pale chakula kinaponaswa.

Anayenipendeza kuliko wote, hata hivyo, ni Trichoplax. Franz Eilhard Schulze alimgundua mwaka 1883, na hakumpata baharini, alimkuta akitambaa kwenye tangi la maji ya chumvi huko Graz, Austria, mji usiojua bahari. Ni bapa, upana wake milimita moja hadi chache, hana mbele wala nyuma, hana kinywa, hana tumbo. Hutambaa kwa silia za upande wa chini. Akifika juu ya mwani anasimama, anamwaga vimeng'enya hapo hapo, chakula kinayeyuka chini yake, anakifyonza, anaendelea na safari. Sakafu ndiyo tumbo lake, kwa muda wa mlo mmoja.

Sasa niambie: asiye na neva anasimamaje mwili mzima kwa pamoja? Upande mmoja ukisimama na mwingine ukiendelea, si atachanika? Adriano Senatore, Thomas Reese na Carolyn Smith walilijibu hilo mwaka 2017. Seli zake fulani zina vifuko vya peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Zikitambua mwani humwaga peptidi hiyo, seli jirani za aina yake zikiipata nazo zinamwaga ya kwao, habari inaenea, silia zinasimama. Wakaitengeneza peptidi ile maabara wakammwagia bila chakula chochote. Akasimama vile vile, tayari kwa mlo usiokuwapo. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, maana nimeona watu wazima wakiacha wanachofanya kwa harufu tu ya viazi karai vya jirani.

Mwaka 2023 watafiti wa Barcelona wakawasoma wanyama hawa kwa ile njia ya seli moja moja. Walichokuta ni kwamba seli za peptidi hukuzwa kwa mpango wa jeni unaofanana sana na ule unaokuza niuroni katika wanyama wengine, na zimewasha mitambo ya kutuma habari. Kinachokosekana ni zile nyuzi ndefu na upande wa kupokea. Ni nusu ya niuroni, na hiyo nusu iliyopo ni ya kuratibu mlo.

Mtafiti Gáspár Jékely aliandika mwaka 2021 kwamba huenda mfumo wa kwanza wa neva ulikuwa wa kemikali peke yake, bila nyaya. Mnyama akiwa mdogo, peptidi ikimwagwa huku inafika kule. Akikua, inachelewa, inapungua nguvu njiani, na hapo seli inayoweza kurefuka ikampelekea mwenzake wa mbali habari mkononi inakuwa na faida kubwa. Kwangu hiyo ndiyo hoja iliyokaa sawa kuliko zote nilizosoma, kwa sababu haihitaji muujiza wowote wa ghafla. Ni utumaji wa polepole uliopata njia ya haraka.

Nilimsimulia mjomba wangu haya, mjomba anayewinda pweza huko Mayungu. Alikuwa amechuchumaa akimsafisha mmoja, amekwisha kumpigapiga kwenye jiwe, kamgeuza kichwa nje ndani, katoa mfuko wa wino. Mkono mmoja aliokuwa ameukata mwanzo ulikuwa kando juu ya gunia, na ungali unajikunja. Nilipoupitisha kidole ukanishika, mumunyo za upande wa ndani zikajibandika moja baada ya moja.

"Mjomba, huyu keshakufa au hajafa?"

"Keshakufa, mwanangu. Mikono ndiyo haijapata habari."

Sikuwa na la kuongeza. Pweza ana niuroni kiasi cha milioni 500, na karibu theluthi mbili yake ziko mikononi. Mkono una uwezo wake wa kuhisi na kuamua, na ukikatwa huendelea kuitikia kwa muda. Lakini lililonifanya niende kumsumbua mjomba ni utafiti wa mwaka 2020 uliohusu zile mumunyo. Zina vipokezi vinavyoonja kitu kwa kukigusa, na vipokezi hivyo vimetokana na vile vya asetilikolini, kemikali ambayo kwenye mwili wako na wangu hupeleka amri kutoka neva kwenda kwenye misuli. Tumbo liliipa neva vifaa vyake, na kwa pweza, baada ya mamilioni ya miaka, neva imerudisha kimoja kikafanye kazi ya kuonja.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. "Pweza hushika kwanza," akasema, "ndipo akauliza." Kisha akaniuliza kama zahanati yetu imeleta ile dawa ya presha.

Sasa nije kwa mnyama anayenitibulia mambo. Wakati wa kaskazi, maji yakiwa meupe pale kwenye jeti, utamuona mara moja moja: kidubwana angavu, ukubwa wa kidole gumba, na mistari minane mwilini inayopita rangi za kijani, nyekundu, zambarau. Watu humwita konyeza kama wanavyowaita wenzake wanaowasha, lakini huyu hawashi. Ni tenofora. Nilimkinga kwenye kikopo kipya cha kupimia mkojo (ndivyo nilivyo navyo) na kumwinua kwenye jua. Rangi zile si taa yake, ni mwanga wa jua unaotawanyika kwenye vitana vya silia vinavyopiga kwa zamu. Nikainamisha kikopo. Akalala upande kidogo, kisha vitana vya upande mmoja vikaongeza kasi, akajisimamisha wima. Ana kiungo cha mizani upande usio na kinywa, kokoto ndogo iliyobebwa na mafungu manne ya silia, nayo ikielemea upande mmoja amri inashuka kwenye mistari. Nilipomrudisha majini aligusa ukingo wa kikopo akachanika kipande.

Huyu ana neva. Neva kweli, na misuli kweli, na ni mwindaji hodari. Wavuvi wa Bahari Nyeusi watakuambia: jamaa yake mmoja, Mnemiopsis, aliletwa huko miaka ya 1980 na maji ya kuimarishia meli, na uvuvi wa dagaa wa kule ukaanguka. Lakini jenomu yake, yaani orodha nzima ya jeni zake, ilipochapishwa mwaka 2013, na ya jamaa yake Pleurobrachia mwaka 2014 na kundi la Leonid Moroz, neva zake zilionekana za ajabu. Njia za serotonini na dopamini, kemikali mbili za neva, ambazo konyeza, pweza na sisi sote tunazo kwa namna fulani, kwake hazikuonekana.

Halafu likaja la 2023. Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa wanasayansi wawili wa zamani, Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal. Golgi alishikilia kwamba neva zote ni wavu mmoja ulioungana. Cajal akasema hapana, ni seli mbalimbali zinazokaribiana. Mwaka 1906 wakapewa Nobel kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake ya tuzo kuipinga hoja ya mwenzake. (Fikiria walivyokaa kwenye karamu.) Cajal alishinda na vitabu vyote vya shule vinamfuata yeye. Basi kundi la Pawel Burkhardt, huko Bergen, Norwe, likakata Mnemiopsis mchanga vipande vyembamba mno, likavichunguza kwa hadubini ya elektroni, na wavu wa neva chini ya ngozi yake ukaonekana umeungana, utando mmoja usiokatika kutoka niuroni hadi niuroni. Sinapsi anazo, ila za kwenda kwa seli za aina nyingine. Golgi amepata mnyama wake, zaidi ya karne moja baadaye, ingawa si yule aliyekuwa akimgombania.

Mwaka huo huo Darrin Schultz na wenzake wakalishika swali la nani alijitenga kwanza, tenofora au sifongo, kwa kutazama kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni. Kuna makundi ya jeni ambayo kwa viumbe vya seli moja vilivyo jamaa zetu, na kwa tenofora, yako mbalimbali. Kwa sifongo, konyeza na sisi, makundi hayo yameungana na jeni zake zimechanganyikana. Ukichukua fungu la karata nyekundu na fungu la nyeusi ukazichanga pamoja, utazichanga mpaka alfajiri na hazitajitenga zenyewe. Kwa hiyo tenofora lazima waliondoka kabla ya kuchangwa. Wako wataalamu ambao bado wanampa sifongo nafasi hiyo kwa hesabu nyingine, na ubishi unaendelea.

Kama tenofora ndio waliotangulia kujitenga, basi mawili: ama neva zilikuwapo tangu babu wa wote na sifongo na Trichoplax wakazipoteza, ama zilizuka mara mbili, kwao na kwetu, kila upande kivyake. Mimi naegemea mara mbili. Tofauti ni nyingi mno, na vifaa vya kuanzia vilikuwa mikononi mwa wote. Atakayesema hilo linavunja hoja yangu ya tumbo nitamuonyesha kitu kimoja: tenofora naye neva zake zimejaa peptidi. Hapo ndipo anapokutana na Trichoplax, na hydra, yule mnyama mdogo wa maji baridi, na utumbo wako wewe, ambao una niuroni zake zaidi ya milioni 100 na unaweza kusukuma chakula bila kungoja amri ya ubongo.

Kilichobaki ni kumuona Trichoplax kwa macho yangu. Yeye na jamaa zake wamepatikana katika bahari za joto sehemu nyingi duniani, na wanaowatafuta huning'iniza slaidi za kioo majini, wakaziacha zishike utando wa mwani, kisha wakazipitia chini ya hadubini. Slaidi zilizochubuka kingo, ambazo zahanati ingezitupa, ninazo boksi zima. Kibali tutaulizia kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya bahari hii ni hifadhi na sitaki maneno na mtu. Mjomba amekubali tuzifunge kwenye kamba ya nanga ya mashua yake, kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayezikagua na yeye asiulizwe na wavuvi wenzake ni mtego wa nini ule. Upepo wa kusi ukipungua tutaanza.